Kambi ya Kongwa: Ihifadhiwe, Lakini Isizikwe kwa Saruji

Wanaotaka kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa, mkoani Dodoma, igeuzwe kivutio cha utalii wana hoja nzito. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliunda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963, makao yake yakawa Dar es Salaam, na kuanzia 1964 vyama vya ukombozi vya ANC (Afrika Kusini), FRELIMO (Msumbiji) na SWAPO (Namibia) viliweka wapiganaji wao hapa. ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola nao wakafuata. Kikosi cha SWAPO kilichopambana na polisi wa Afrika Kusini huko Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, Agosti 1966, kilitokea Kongwa.

Eneo lenyewe wapiganaji walilikuta tayari ni magofu. Kuanzia 1947 Waingereza walilifyeka kwa ajili ya Mradi wa Karanga, mpango wao wa mashamba makubwa ya karanga, wakaleta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga reli ya tawi kutoka Msagali, wakatengeneza na kiwanja cha ndege. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi: kiangazi hukauka na kushikana mpaka karanga hazing'oki. Mradi ulifungwa 1951 ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Nani mmiliki wa kumbukumbu hapo, mkoloni au mpiganaji? Kwangu ni wote wawili, kwa sababu kambi ilikalia mabaki ya mradi.

Upande wa pili nao husikilizwa kidogo mno. Makazi na shule vimeshaingia eneo hilo, na mwenye nyumba anayesikia neno "urithi" huwaza fidia na kuhamishwa. Hofu hiyo ina msingi, kwani sheria haijampa jibu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye husubiri Waziri ayatangaze. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mpima ardhi: aweke mawe ya mipaka kuzunguka majengo na makaburi, wakazi wakiwepo, ndipo tangazo lifuate. Ukianza na jengo la makumbusho, tingatinga litasawazisha misingi ambayo hakuna aliyeichora.

Baada ya hapo kuna hatari ya ukarabati wenyewe. Ukuta wa zamani wa tofali laini ukipigwa plasta ya saruji, unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea. Baada ya masika chache plasta inabanduka, nayo inaondoka na uso wa tofali. Maji ya visima vya Dodoma mengi yana chumvi. Fundi akiyatumia kuchanganyia, ukuta unatoa unga mweupe na kumomonyoka. Chokaa inafaa zaidi: izimwe kwa maji baridi angalau wiki mbili, ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 3 za mchanga uliochekechwa, kisha ifunikwe magunia mabichi kwa wiki nzima. Jua letu likiikausha haraka, inavurugika ukiigusa. Ni kazi ya taratibu na mafundi wake ni wachache, na hapo wanaosema gharama ni kubwa wako sahihi.

Kuna pia mambo ambayo wasimamizi wa sherehe wasingependa yaandikwe ubaoni. Mwaka 1966 kundi la wapiganaji wa ANC lilitoroka Kongwa na kwenda Kenya, likilalamikia maisha ya kambini na kusubiri kusiko na mwisho. Miaka michache baadaye wanachama wa SWAPO waliowakosoa viongozi wao waliwekwa kizuizini. Waliozikwa hapa walikuwa vijana waliosubiri vita kwa njaa na hamu. Kuficha hilo ni kuwadhulumu.

Kuhusu kiwanja cha ndege, hoja ya kukifufua kwa ajili ya watalii haina mashiko: mji wa Dodoma unapata uwanja mpya wa ndege wa Msalato, na lami kutoka Dodoma inafika Kongwa. Kinachotosha ni kulinda mstari wake wa zamani usikatwe viwanja. Fedha ambayo ingelipia greda la kukisawazisha ichimbe mitaro upande wa juu wa mteremko, nyuma ya majengo, kabla ya mvua za Desemba, maana maji ya mteremko ndiyo yanayokula misingi.