Doa si la hewa, ni la kioo chako

Kila tukizungumzia picha za sayari za nyota nyingine, lawama zote huangushiwa hewa. Ni kweli hewa hucheza, lakini ilishabanwa: kwenye SPHERE, chombo cha kupigia picha sayari hizo kule Chile, kioo kinachonyumbulika hubadilishwa umbo zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde ili kufuta mchezo huo. Kinachotufichia sayari mara nyingi ni kasoro za vioo vyetu wenyewe, tena ndogo mno.

Mwanga ukifika kwenye kioo kigawanyaji, sehemu huenda kwenye kihisi cha mawimbi, kinachopima mwanga ulivyopinda na kukiongoza kioo kinachonyumbulika, sehemu kwenye kamera. Kasoro iliyo upande wa kamera tu, kihisi hakiioni. Kwake mambo shwari, huku picha imejaa madoa. Madoa ya hewa huchanganyika na kulainika ukiacha kamera wazi muda mrefu. Haya hukaa palepale, hujigeuza taratibu, na pichani yana ukubwa uleule wa doa la sayari. Kiwimbi cha nanomita 1 tu, kwa mwanga wa nanomita 1,600, huzaa doa lenye takriban sehemu 4 kwa milioni ya mwanga wa nyota. Mng'ao wa baadhi ya sayari changa zinazowindwa ni wa kiwango hicho hicho.

Kwa hiyo sioni haja ya wanafunzi wa Mbeya kusubiri darubini kubwa isimamishwe kwenye nyanda za juu za Kitulo ndipo wajifunze kuzipima kasoro hizi. Meza nzito, leza nyekundu ya nanomita 633, fiba, lenzi mbili na kamera vinatosha kuanzia. Piga picha mbili za doa la leza: moja kwenye fokasi, nyingine nje ya fokasi kwa kiasi unachokijua, kisha programu ya kompyuta ikokotoe kasoro kutoka kwenye picha hizo. Moja haitoshi, maana astigmatizimu (kasoro inayovuta doa upande mmoja) ya chanya na ya hasi hutoa doa lilelile. Kwa mwali wa F/30 (umbali hadi fokasi ni mara 30 ya upana wake), sogeza kamera milimita 4.6, hapo umeongeza kosa la wimbi 1 kamili ukingoni. Pikseli zisizidi mikromita 9, la sivyo programu itabahatisha.

Kwenye kurekebisha ndiko wengi huteleza. Ukiyabandika masahihisho moja kwa moja kwenye kioo kinachonyumbulika wakati kihisi kinakiongoza, kihisi kitayaona kama kosa na kuyafuta papo hapo. Badilisha sifuri ya kihisi chenyewe, yaani umbo la wimbi kinalolihesabu kuwa halina kosa. Tia nusu ya masahihisho, pima tena, rudia mara tatu au nne. Kosa likikua badala ya kupungua, umegeuza kutoa kuwa kujumlisha.

Halafu kuna baridi. Aluminiamu ya mita 1 husinyaa mikromita 23 kwa kila nyuzi moja, na Mbeya ya Julai alasiri na alfajiri huachana mbali. Vipimo vya saa tisa mchana, usiku havifai. Funika meza, washa vifaa mapema, pima upya.

Mwishoni mwa Septemba, kabla hakujapambazuka, tazama kusini uone nyota Canopus iking'aa. Kulia kwake, kama vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, kuna nyota hafifu: Beta Pictoris. Doa la sayari yake lilikuwamo kwenye picha za 2003, likatangazwa 2008, na wengi hawakuliamini hadi lilipoonekana limehamia upande wa pili wa nyota.