Ada ya maombi ya chuo: nani asamehewe?

Tangu mwaka wa fedha 2022/23, mwanafunzi wa shule ya serikali hapa Tanzania anasoma bila ada hadi kidato cha sita. Matokeo yakishatoka, vyuo vikuu vingi vinamdai Sh10,000 kila anakoomba. Akiomba vitatu, 30,000. Maombi ya mkopo HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ni 30,000 nyingine. Kwa mzazi wa Bahi au Mpwapwa, wilaya za Dodoma, anayetegemea uwele na alizeti, hiyo elfu sitini inatafutwa kabla mtoto hajapata nafasi wala mkopo.

Naunga mkono watoto wa kaya maskini wasamehewe ada ya maombi. Ila wanaopinga nao wana hoja.

Tangu 2017 TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, iliporudisha udahili mikononi mwa vyuo, kila chuo kinaendesha mfumo wake, na mfumo ni gharama. Hoja hiyo sioni kama ni nzito. Nzito ni hii nyingine: kuomba kukiwa bure, watu wataomba kila mahali. Anayechaguliwa vyuo vitatu anathibitisha kimoja tu, na nafasi alizoziacha zinasubiri awamu inayofuata ya udahili huku mwenzake hana pa kwenda.

Ni kweli. Lakini ada hii inamzuia nani? Mwenye uwezo anaomba vyuo vitatu vya hapa Dodoma, UDOM, St John's na Mipango, kwa simu yake, jioni moja. Asiye na uwezo anachagua kimoja. Akikosea kukadiria ushindani wa kozi, awamu imempita. Pita stesheneri za mjini Dodoma msimu wa udahili: kijana ameshajaza kila kitu, kontroo namba ya kulipia imetoka, na bado yuko pale mlangoni anapiga simu nyumbani atumiwe hela.

Marekani, kwenye Common App, mfumo wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, mwanafunzi anatamka kuwa anastahili msamaha kwa vigezo vinavyojulikana, kikiwemo chakula cha bure shuleni, na mshauri wa shule anathibitisha. Vipo hata vyuo vya kule vinavyomsamehe ada mwombaji wa nje akiomba msamaha. Inaniuma kwamba kijana wa Kongwa anaweza kuomba chuo cha ng'ambo bila kulipa, na cha hapa Dodoma akashindwa.

Ushahidi tunao tayari. HESLB inaitambua kaya iliyo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Namba hiyohiyo ya kaya ya TASAF ingetosha kwenye vyuo. Msamaha uishie vyuo viwili, na ile hofu ya maombi kumwagika kila mahali itapungua sana.

Wapo watakaoachwa, kama yatima anayelelewa na shangazi ambaye hayumo TASAF. Huyo atahitaji barua ya mtendaji, na sote tunajua barua hizo wakati mwingine hutoka kwa kujuana. Mimi ningeipokea hivyohivyo. Akidanganya mmoja, chuo kimepoteza elfu kumi. Akikataliwa anayestahili, amepoteza mwaka.