Kava la Grenda Liko Wapi?

Jumamosi nilikwenda Tabata kuchukua geti langu. Kijana aliyekuwa akikata mabomba kwa grenda, ile mashine ya mkono ya diski ya kukatia chuma, nikamkuta kakaa juu ya ndoo ya rangi, jicho la kushoto limefungwa bandeji. "Diski ilipasuka, kaka," akaniambia, kama mtu anayekueleza kuwa jana mvua ilinyesha. Tajiri wake akadakia: "Bahati mbaya tu, bosi wangu. Mungu mkubwa."

Mungu mkubwa, sawa. Ila grenda ile naijua. Ni ndogo, ya diski ya inchi 4 na nusu, na ilitoka dukani na kava lake la kumkinga fundi na diski. Kava likavuliwa ili diski ya inchi 9 iingie. Tundu la katikati ni lile lile, na kubwa haiishi upesi. Haya, soma maandishi kwenye diski yenyewe: kubwa inahimili mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Grenda ndogo inazunguka kama 11,000. Hapo bahati imeingilia wapi?

Ndiyo maana siutaki tena ule wimbo wa "sisi wadogo hatuna mtaji wa usalama". Kava lilikuwa la bure, jamani! Lipo chini ya meza, limegeuzwa kibakuli cha skrubu. Nimeliona.

Nakiri, tena shingo upande: mwenye karakana ya watu wanne anaandamwa na kodi ya fremu, LUKU, TRA na halmashauri. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haikuandika "isipokuwa uchochoroni". Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo, ila nani atamsemea deiwaka ambaye jina lake limeandikwa sehemu moja tu, kwenye daftari la madeni la mama ntilie? (Wanaochomelea kwa miwani ya jua, usiku wakadondoshea maziwa machoni, nitawasema siku nyingine.)

Na mimi simo? Alhamisi nilipiga simu mara tatu: "Fundi, geti vipi?"

Nikamalizia hela yangu. Wakati tunapakia geti kwenye kirikuu, kijana mwingine, mgeni kabisa, kashika grenda ile ile, cheche zinamrukia kwenye ndala. Nikamuuliza tajiri habari za kava.

Akacheka. "Bosi wangu, geti si umepata?"