Ukurasa wa 9 Uko Dirishani kwa Mama Lishe

Sharti lililotuponza kwenye tuzo za waandishi wa habari lilikuwa la mstari mmoja na nusu: mshiriki aambatishe gazeti halisi, au ukurasa wake mzima, jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa vikisomeka. Kwa aliye Dar es Salaam sharti hilo ni la kuchekea. Anapanda ngazi hadi maktaba ya gazeti lake, anafunuliwa jalada la mwezi, anatoa nakala, anashuka kunywa chai. Sisi tulikuwa Masasi, kusini kabisa mwa nchi.

Mimi ndiye niliyekuwa nakusanya kazi za wenzangu wa wilayani, kwa sababu nilikuwa na faili na stepla. Tuzo zenyewe zilikuwa za kanda, ndogo, ila masharti yake yalikuwa makubwa kama ya zile za taifa, EJAT, zilizoanza mwaka 2009 chini ya Baraza la Habari Tanzania. Kazi iwe imechapishwa ndani ya mwaka husika. Fomu isainiwe na mhariri. Nakala tano za majaji, jina la mwandishi limefichwa. Na hilo gazeti halisi.

Bahasha ya kwanza niliyofungua ilikuwa na stori iliyokatwa kwa mkasi vizuri mno, pembe kwa pembe, hata tarehe ikabaki kwenye gazeti. Ya pili ilikuwa na tarehe, lakini chini ya kichwa cha habari pameandikwa "Na Mwandishi Wetu", na huyu Mwandishi Wetu kwa siku moja alikuwa ameandika kutoka Bukoba, Dodoma na Masasi. (Dawa yake ni barua ya mhariri yenye mhuri, inayothibitisha ni nani aliyeandika. Uwe hujagombana na mhariri.) Ya tatu ilikuwa hotuba ya mgeni rasmi kuanzia juu hadi chini: amesema, akaongeza, akasisitiza, akabainisha. Hiyo haina dawa. Jaji anatafuta vyanzo zaidi ya kimoja, anatafuta aliyelaumiwa alijibu nini, na anatafuta angalau jambo moja ambalo mwandishi alikwenda kulihakikisha kwa macho yake.

Kazi moja tu ilikuwa na vyote hivyo, na hiyo ndiyo haikuwa na gazeti.

Mwenye kazi tulimwita Mzee wa Mizani. Kwa asiyejua mambo ya Kusini: msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, kisha chama kikuu kinauingiza mnadani. Kila mwaka kuna malalamiko ya kilo zinazopotea, na kila mwaka magazeti huandika "Wakulima wa korosho walia". Karani naye ana jibu lake: unyaufu. Na hasemi uongo, maana korosho ikikauka uzito hupungua kweli. Ukipima gunia leo na kulipima tena baada ya wiki mbili, huwezi kujua kilichokula kilo ni jua au ni mizani.

Mzee wa Mizani akanunua mfuko wa saruji. Saruji hainyauki. Adui yake ni unyevu, ambao huiongezea uzito, kwa hiyo akauvika nailoni na kuufunga mdomo. Hakuiamini namba ya kiwandani, akaupima kwanza dukani kwenye mizani iliyokaguliwa: kilo 50 kamili. Halafu akaupakia kwenye bodaboda na kuuzungusha kwenye vyama vya msingi vitatu. Cha kwanza kikasoma 50. Cha pili 49.5. Cha tatu kikasoma 46.8, na stika ya Wakala wa Vipimo ubavuni mwa mizani ilikuwa imepitwa na wakati. Karani wa pale alimuuliza kama hiyo saruji inaingia mnadani daraja la kwanza au la pili.

Siku nyingine alirudi na pimamaji ya fundi ujenzi, akailaza juu ya bamba la mizani kuonyesha kwamba halijainama, akapima tena. 46.8. Tofauti ya kilo 3.2 kwa kila 50 maana yake gunia la kilo 80 linaacha pale zaidi ya kilo 5. Akamtafuta mwenyekiti wa chama, akapata majibu yake, akayaandika yote bila kuyapunguza. Stori ikatoka Novemba, ukurasa wa 9, na picha ya mfuko wa saruji umekaa juu ya mizani kama bibi harusi, wakulima wamepanga foleni nyuma yake.

Januari nikapiga simu maktaba ya gazeti Dar. Mtunza maktaba akafunua jalada, akanyamaza kidogo, akasema ukurasa wa 9 wa siku hiyo ni salamu za pongezi. Ukurasa mzima, rangi, na picha ya mpongezwa.

Hakukosea. Gazeti lile lilikuwa likichapwa mara mbili kwa usiku mmoja. Toleo la mikoani lilifungwa mapema jioni ili liwahi magari ya safari. La jiji lilibaki wazi hadi usiku, likisubiri matokeo ya mpira na wenye pesa. Wenye pesa walifika toleo la mikoani likiwa tayari mtamboni. Tangazo hulipiwa, korosho hailipiwi, basi likatengenezwa bamba jipya la ukurasa wa 9, la zamani likawekwa pembeni, mtambo ukaendelea. Jaladani linakaa toleo la mwisho peke yake. Faili la kompyuta nalo msanifu kurasa alishalihifadhi juu ya lile la mwanzo, kwa jina lile lile. Kwa hiyo makao makuu stori haikuwahi kutoka. Huku kwetu watu waliisoma, wakaibishania kwenye vijiwe, na mizani ile ikaondolewa.

Zilizobaki zilikuwa zile nakala zilizoshuka na basi. Wakala wetu wa magazeti alikuwa na utaratibu wake wa marejesho: gazeti lisilouzwa alilikata kile kipande cha juu chenye jina na tarehe, akarudisha hicho tu Dar kama ushahidi, maana kurudisha mzigo mzima nauli ingekula faida. Mwili wa gazeti aliuuza kwa kilo. Hilo la kukatwa kichwa halikututisha, kwa kuwa kila ukurasa wa ndani una mstari wake juu wenye jina la gazeti, siku na namba. Kilichotutisha ni orodha ya wanunuzi: wauza nyama, wauza maandazi, mafundi rangi na mama lishe wa stendi. Kutoka Novemba hadi Januari ni maandazi mengi.

Tulianza na ofisi moja ya serikali iliyokuwa ikinunua gazeti kila siku na kulitoboa kwa uzi. La siku ile lilikuwepo, ila ukurasa wa 9 ulikuwa umechanwa kwa utulivu, kwa rula. Kuna mtu mle ofisini alikuwa na shamba la ukoo kwenye kile chama cha tatu. Kwa fundi rangi tulikuta ukurasa wa 11. Buchani tulikuta kurasa za 7 na 8, zimefunga maini.

Hapo ndipo Mzee wa Mizani alipokumbuka hesabu ya karatasi. Gazeti la kurasa 24 halina karatasi yenye ukurasa mmoja. Kila karatasi ikikunjuliwa ina kurasa mbili uso mmoja, na namba zake ukizijumlisha unapata 25. Wa 9 umelala ubavuni mwa wa 16. Na ukurasa wa 16 siku ile ulikuwa na nini? Kikosi cha Yanga, kwa rangi. Kwa hiyo tuliacha kuuliza stori ya korosho, ambayo hakuna aliyeihifadhi, tukaanza kuuliza nani kabandika Yanga.

Jibu lilipatikana kabla hatujamaliza sentensi. Banda la mama lishe nyuma ya stendi lilikuwa na dirisha la plaiwudi, futi 3 kwa 2, lenye bawaba juu, linalosukumwa na kuegeshwa kwa kijiti. Mwanawe alikuwa ameibandika karatasi nzima, Yanga kushoto, saruji kulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Umebaki wali maharage."

"Mama, sisi tunaomba dirisha."

Alitutazama, akaukoroga mchuzi, akasema, "Dirisha na nini? Maana samaki wameisha."

Tukamweleza. Akakubali tubandue, ilimradi Yanga wasikwaruzike, maana mwanawe angehama nyumbani. Kabla ya kuigusa yenyewe tulijaribu kwenye ukurasa mwingine uliobandikwa ndani ya mlango kwa gundi ile ile, uji wa unga wa ngano. Tuliuelekezea mvuke wa birika. Karatasi ya gazeti ni nyepesi, gramu 45 hivi kwa mita ya mraba, na imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa, nyuzi zake ni fupi. Ikilowa, inakata tamaa kabla ya gundi. Ukurasa wa majaribio ulitoka ukiwa nyuzi nyuzi, na tangazo la zabuni likabaki mlangoni likisomeka kinyumenyume. Zaidi ya hapo, miezi miwili ya moshi na mafuta ya kukaangia ilikuwa imeing'arisha ile ya dirishani hata maneno ya ukurasa wa 10 yakaanza kuchungulia kwa nyuma. Yalisomeka yote, lakini kuibandua ilikuwa ni kuiua.

Tukafungua bawaba. Mbili, skrubu tatu kila moja, na moja ilikuwa na kutu iliyohitaji mafuta ya kula yale yale.

Kwenye duka la kopi mashine ilikuwa ya A4. Ukurasa ukagawanywa vipande vinne, mara nakala tano, karatasi 20. Fundi aling'oa mfuniko wa mashine, watu wawili wakalilaza dirisha kifudifudi juu ya kioo, wa tatu akabonyeza. Wateja wawili waliotufuata walitoka na vyeti vya kuzaliwa vyenye kivuli cha mafuta ya samaki.

Sharti la kuficha jina tulilifuata hadi mwisho: selotepu pana juu ya jina la mwandishi, hata kwenye ubao. Kisha tukalifunga dirisha kwa magazeti ya kilo na kamba ya katani, tukalipeleka kwenye basi la Mtwara.

"Hii nini?" akauliza konda.

"Stori."

Akaigonga kwa vidole. "Stori inalipiwa kama mlango."

Yaliyotokea kwenye meza ya majaji nimesimuliwa na mwenye kuandaa chai. Walizisoma nakala, wakazipa alama, wakaomba ushahidi, ukaingia ukibebwa na walinzi. Tarehe ilikuwepo, namba ilikuwepo, jina la gazeti lilikuwepo. Jaji mmoja, mtu wa Simba, aliomba upande wa kushoto ufunikwe kwa kitambaa cha meza ndipo aendelee. Walipoibandua selotepu ili kujua mshindi wa habari za kilimo ni nani, jina likatoka pamoja na selotepu. Katibu akaichukua selotepu, akaistepla kwenye fomu.

Mzee wa Mizani alipanda jukwaani akapewa cheti na bahasha. Huku Masasi mama lishe alikuwa ameziba tundu kwa kiroba, na paka wa stendi walishakijua kiroba hicho. Aliulizia dirisha lake kila tulipopita, mwishowe akaacha kutukopesha chai. Nilipowaandikia waandaaji, walinijibu kwa adabu na kunielekeza mstari wa mwisho wa fomu, ule wa herufi ndogo: kazi zikishawasilishwa hazirudishwi.

Bahasha ya ushindi ikanunua plaiwudi, bawaba mbili na skrubu sita, na chenji ikaishia kwenye bango la Yanga la dukani, karatasi nzito, lisilo na habari yoyote nyuma. Mtoto wa mama lishe alilikataa. Alisema lile la kwanza lilikuwa na golikipa tofauti.