Bangili ya titani: wepesi wake wasemwa vibaya

Lawama inayorudiwa sana Mombasa kuhusu bangili za titani, aina ya metali, wanazovaa wanaume ni kwamba ni nyepesi mno, kwa hivyo ni bandia. Wenye lawama hii wamezoea dhahabu na fedha, na kwa sonara wa Mji wa Kale uzito ndio mali: unanunua kwa gramu, ukikwama unauza kwa gramu. Kitu kisichobonyeza kiganja chaonekana bati tu.

Ila mizani hiyo haikuwekewa titani. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ya fedha 10.5, ya chuma cha pua karibu 8. Ya titani ina 4.5. Chukua bangili mbili za umbo moja: ya chuma ikiwa gramu 40, ya titani haitafika 25. Basi wa kushtuka ni yule aliyeuziwa nzito ikaitwa titani. Sumaku haitamsaidia, kwani chuma cha pua kizuri nacho aghalabu hakinaswi. Bilauri ya maji na mizani ya sonara zitamwambia yote, na hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu: gramu za bangili kwa ujazo wa maji inayoyapandisha. Anayeikejeli kwa wepesi anaitolea ushahidi bila kujua.

Halafu kuna bahari. Fedha hufifia na kuwa nyeusi. Chuma cha bei ya chini hudonolewa na chumvi, na jasho likikutana na nikeli iliyomo, wenye ngozi nyepesi kudhurika hutoka vipele. Titani safi haina nikeli. Ikigusana na hewa hujivika utando mwembamba wa oksidi, na ukikwaruza, utando hujirudi wenyewe. Ndiyo maana hutengenezewa mabomba ya mitambo inayopitisha maji ya bahari, na ndiyo maana mwaka 1965 daktari Brånemark wa Sweden aliitumia kushikilia meno ya bandia ndani ya taya la mtu. Nahodha wa boti au kijana ashindaye majini Nyali hana haja ya kuivua.

Dini nayo imo. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, na titani si dhahabu, hata ikitiwa rangi ya manjano kwa umeme. Linalobaki ni suala la kujifananisha na wanawake, na hapo masheikh wenye msimamo mkali wana hoja yao, siwapuuzi. Nashangaa tu kwamba saa yenye mkanda wa chuma, pana kuliko bangili yenyewe, huingia msikitini bila kuulizwa.

Penye haki ya sonara ni kwenye kuuza tena. Karo ikifika, cheni ya dhahabu huokoa. Bangili ya titani hakuna atakayeipokea. Ikikatika pia, sonara wetu hawezi kuiunga kwa moto wake wa kawaida, maana titani ikipata joto kali hunyonya oksijeni na naitrojeni ya hewani, ikawa rahisi kuvunjika. Yataka kuchomelewa ndani ya gesi ya argoni. Kwa hivyo fundi wa hapa hapati chochote. 

Nisilolitetea hata kidogo ni sumaku. Wauzaji wengi huzipachika ndani ya bangili na kuahidi kuondoa maumivu ya viungo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliwavisha wagonjwa 70 wa baridi yabisi mikanda ya sumaku na bangili za shaba, wakatoa matokeo 2013: hakuna nafuu ya maana, si ya maumivu wala ya uvimbe. Kwa aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, sumaku ni hatari. Akaaye na mgonjwa huyo aiweke sumaku mbali na kifua cha mgonjwa, angalau sentimita 15. Ukifika dukani, ulizia kwanza bei ya ile isiyo na sumaku.