Senta mkubwa na watupaji wa mbali: nani anambeba nani?

Ubishi huu hurudi kila Juni kwenye baraza za kahawa za Mji Mkongwe, asubuhi baada ya fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambazo kwetu huanza kwenye saa tisa za usiku. Senta, yule mrefu anayecheza karibu na goli, akizimwa, lawama ni zake au za wenzake wasiotia pointi tatu?

Wanaowalaumu wenzake wana hoja nzito. Mlinzi anayekuja kusaidia husimama kama mita mbili kutoka kwenye goli. Mtupaji wa pointi tatu aliyejibanza konani mwa uwanja yuko mita 6.7. Pasi ikitoka, msaidizi ana karibu mita tano za kukimbia, na mpira humtangulia. Orlando ya 2009 iliishi kwa hesabu hiyo: Dwight Howard ndani, Rashard Lewis na Hedo Türkoğlu nje. Cleveland, iliyoshinda mechi 66 msimu ule, haikujua izibe wapi. Mechi ya sita kati yao Howard akatia pointi 40, Cleveland ikatolewa kwa mechi 4-2.

Tatizo la hoja hiyo ni fainali iliyofuata. Watupaji ni walewale, lakini mbele ya Gasol na Bynum wa Lakers, Howard alitia kikapu kimoja tu kwa majaribio sita katika mechi ya kwanza, na Orlando ikafungwa 4-1. Senta anayeshika mpira sekunde mbili kabla ya kuamua huwapa walinzi muda wa kwenda na kurudi. Hapo mtupaji hata awe hodari vipi hamsaidii.

Tena pointi za senta ni kipimo kibovu. Kwenye fainali za 2004 Detroit ilimwachia Ben Wallace peke yake amkabe Shaquille O'Neal, senta wa Lakers, kwa sehemu kubwa. Shaq akapata wastani wa pointi 26.6, wenzake wakakabwa koo, Lakers wakalala 4-1. Nikola Jokić, senta wa Denver, kwenye fainali za 2023 ndiye mfano mzuri zaidi wa senta na watupaji kubebana: wastani wa pointi 30.2 na asisti (pasi za kufungisha) 7.2 dhidi ya Miami, ingawa Michael Porter Jr. alikosa sana kutoka mbali. Mtupaji anayeogopwa humvuta mlinzi wake hata siku mkono umegoma.

Kwetu tukicheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mambo ni magumu zaidi. NBA humwadhibu mlinzi anayekaa zaidi ya sekunde tatu chini ya goli bila kumkaba mtu; FIBA haina sheria hiyo, kwa hiyo mlinzi hupiga kambi hapo. Mstari wa pointi tatu nao, ukiacha konani, uko mita 6.75, si 7.24 kama wa NBA, hivyo anayetoka kukaba ana safari fupi. Ongeza upepo wa kusi kwenye viwanja vya wazi vya Unguja na Pemba, unaopotosha mitupo ya mbali.

Kocha asiye na watupaji wawili wa uhakika afadhali amtoe senta hadi mstari wa mitupo huru, apokee akiwa amelikabili goli, na wenzake wachomoke nyuma ya walinzi wao. Asimame mmoja tu konani, na asisogee wakati senta ana mpira: akisogea, anamletea mlinzi wa pili.