Kabla ya Kusema ni Uzee, Mwageni Mfuko wa Dawa Mezani

Mzee akianza kuuliza swali lilelile mara tatu kabla chai haijapoa, nyumbani kwetu jibu huwa tayari: ni uzee, utoto umemrudia. Jibu hilo linanikera tangu lilipotumika kwa mama yangu mkubwa, kwa sababu halikuwa la kweli, na kwa sababu lilitupa ruhusa ya kukaa miezi kadhaa bila kufanya lolote.

Kiini cha suala hili ni asetilikolini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupashana habari. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha, kwa mioyo ya vyura, kwamba neva hutoa kitu kinachopunguza mapigo ya moyo. Ikathibitika baadaye kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 yeye na Henry Dale wakatunukiwa Nobel. Katika ubongo, sehemu kubwa ya kemikali hiyo hufika kwenye gamba la ubongo kutoka katika kishada kidogo cha seli kiitwacho kiini cha Meynert, ambako husaidia akili kutulia juu ya jambo, na jambo lisilotuliwa halikumbukwi. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwapa vijana wenye afya skopolamini, dawa inayoziba vipokezi vya asetilikolini, na vijana hao wakashindwa kushika mambo mapya kwa namna iliyofanana na ya wazee. Miaka miwili baadaye Peter Davies na A. J. F. Maloney waliripoti kwamba bongo za watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu ubongo na kufuta kumbukumbu polepole, zilipungukiwa sana na kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini.

Hapo ndipo zilipotoka dawa za Alzheimer kama donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, ambayo huzuia asetilikolini isivunjwe haraka. Sizidharau dawa hizi, lakini tusizitarajie makubwa: huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda, huku seli zenyewe zikiendelea kufa.

Kinachonishangaza ni kwamba tunaihangaikia kemikali hiyo ilhali dawa zinazoiziba zimejaa kabatini mwetu. Klorofeniramini, ambayo wengi wetu huiita Piriton hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, hununuliwa kwa ajili ya mafua na mzio, na wazee wengi huigeuza dawa ya usingizi. Amitriptilini hutolewa kwa maumivu ya neva, hasa kwa wenye kisukari, na oksibutinini kwa wasioweza kuzuia mkojo. Mama mkubwa alikuwa akimeza mbili za kwanza kila usiku, kila moja ikiwa imetoka mahali tofauti, na hakuna aliyewahi kuzihesabu pamoja mpaka daktari mmoja kijana alipomwomba aumwage mfuko wote mezani. Moja iliachwa, nyingine ikapunguzwa kidogokidogo, maana amitriptilini haifai kukatizwa ghafla, na baada ya wiki chache akaanza kuyafuata tena mazungumzo ya sebuleni.

Sidai kwamba dawa hizi ndizo zinazoleta Alzheimer. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015, uliowafuatilia watu 3,434 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, uliwakuta waliozitumia kwa wingi na kwa miaka wakiwa na hatari kubwa zaidi ya kupata dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambako Alzheimer ni aina yake mojawapo. Lakini huenda kukosa usingizi na huzuni, zinazowafanya watu wazitumie, ni dalili za awali za ugonjwa wenyewe. Mkanganyiko unaoletwa na dawa ni jambo jingine: huo mara nyingi huondoka dawa ikiondolewa, na ndiyo sababu kuupuuza ni kosa kubwa.

Linaloniudhi zaidi hutokea pale mgonjwa anapopewa donepezili, ikamletea haja ya mkojo ya ghafla, kisha akaandikiwa oksibutinini ili kuituliza. Dawa ya kwanza inaongeza asetilikolini, ya pili inaiziba, na familia inalipia zote mbili kila mwezi.